Sigara, Bangi na Lango la Shule: Historia Ambayo Kijana wa Isiolo Anafaa Kuijua



Ndugu msomaji, kwanza tumshukuru Allah (S.W.T.) aliyetufikisha Ramadhan nyingine tukiwa na uhai na afya. Mwezi huu una jambo moja ambalo kila mvutaji analijua. Mtu anayesema miezi kumi na mmoja kwamba hawezi kukaa masaa mawili bila sigara, Ramadhan ikiandama anakaa tangu Alfajiri mpaka Magharibi. Na hapa kwetu Isiolo, karibu kabisa na mstari wa ikweta, hayo ni masaa kama kumi na matatu, iwe Ramadhan imeangukia Desemba au Juni. Hakuna askari anayemfuata. Hakuna faini. Amejizuia mwenyewe, na watu wote wa nyumbani kwake wamejizuia pamoja naye.

Sasa tuangalie katazo jingine: lile la sigara na bangi ndani ya shule, hasa hizi shule za kibinafsi ambazo zimekuwa nyingi mjini mwetu. Katazo limeandikwa langoni na kila mtu analisoma. Lakini wangapi kati yetu, wanafunzi kwa wazazi, wanajua limetoka wapi? Je, ni amri ya mwenye shule? Ni sheria ya serikali? Ni hukumu ya dini? Na mtoto akipatikana na msokoto mfukoni, mwenye shule anaruhusiwa kumfukuza asubuhi hiyo hiyo na kumfungia lango?

Maswali haya hayajibiwi kwa hasira. Yanajibiwa kwa historia. Basi tuanze mbali kidogo, kwa sababu Waislamu walilijadili jambo hili kabla hata neno Kenya halijatajwa.

WANAZUONI NA MAJANI MAPYA

Hashishi, ambayo inatokana na mmea ule ule wa bangi, ilipoenea Misri na Sham katika karne ya 13, wanazuoni walikutana na tatizo. Neno hashishi halimo katika Qur'an wala halikutajwa na Mtume (S.A.W.). Walifanya nini? Walitumia njia ambayo kila aliyesoma usul al-fiqh madrasa anaijua: walitafuta illa, yaani sababu ya hukumu. Pombe imeharamishwa kwa sababu inalevya. Je, jani hili nalo linalevya?

Hapo wakatofautiana. Imam al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki mwaka 1285, aliona kwamba hashishi inaharibu akili lakini haileti ile hali ya ulevi wa pombe, kwa hivyo mtumiaji apewe adhabu ya kumrekebisha kwa kadiri ya hakimu. Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, aliiweka pamoja na pombe na akataka adhabu ile ile. Al-Zarkashi, aliyefariki 1392, aliandika kitabu kizima kuiharamisha. Angalia vizuri: wote walikubaliana kwamba ina madhara. Mzozo wao ulikuwa ni aina gani ya madhara, na mtu aliyeingia humo atendewe nini. Maswali hayo mawili yatatufuata mpaka mwisho.

Katika karne ya 16 likaja swali la qat, ambayo sisi tunaiita miraa. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 1566, aliulizwa na watu wa Yemen. Alipokea habari zinazogongana, huyu akisema inadhuru na yule akisema haina neno. Hakukata shauri kwa pupa. Alishauri mtu aiache kwa sababu ya shaka iliyomo, na akaandika risala ya tahadhari.

Kisha tumbaku. Mmea huu asili yake ni Amerika, na haukujulikana upande wetu wa dunia kabla ya safari za Columbus za mwaka 1492. Mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umefika kila bandari ya Waislamu. Hapo Misri peke yake, wanazuoni wawili wa madhehebu moja ya Maliki walipingana: Ibrahim al-Laqani akiikataza, Ali al-Ajhuri akiiruhusu. Baadaye Abd al-Ghani al-Nabulusi wa Damascus, aliyefariki 1731, naye akatetea uhalali wake.

Kijana wa leo anaweza kushangaa. Iweje wanazuoni wakubwa waruhusu sigara? Jibu ni kwamba wakati ule madhara yake hayakuwa yamethibitika. Utafiti wa Richard Doll na Austin Bradford Hill ulioonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu ulitoka Uingereza mwaka 1950. Ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ilitoka 1964. Ilmu ya madhara ilipokuja, fatwa nazo zikabadilika, na mwaka 1995 baraza la fatwa la taifa la Malaysia likatangaza kuwa kuvuta sigara ni haramu. Jani ni lile lile la siku zote. Kilichoongezeka ni kujua linafanya nini mwilini. Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya tumbaku.

SULTANI ALIYETUMIA UPANGA

Kuna habari moja ambayo inafaa kusomwa na kila mwalimu mkuu. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uthmaniyya alipiga marufuku tumbaku, na akawaua watu waliopatikana wakivuta. Fikiria, adhabu ni kifo, na sultani mwenyewe anasimamia. Je, watu waliacha? Mwanachuoni wa Istanbul, Katib Chelebi, aliyeishi wakati ule, aliandika mwaka 1656 katika kitabu chake Mizan al-Haqq kwamba kadiri ukali ulivyozidi ndivyo hamu ya watu ilivyozidi. Haukupita muda mrefu baada ya kifo cha sultani, katazo likaachwa.

Sisemi kwamba adhabu haina faida yoyote. Nasema adhabu peke yake, hata iwe kubwa namna gani, haijapata kulitoa jani mkononi mwa mtu. Na tusidhani hayo ni mambo ya Istanbul tu. Yalitokea hapa hapa Isiolo.

ISIOLO NA MARUFUKU YA MIRAA

Kwanza tujue majani haya yaliingiaje nchini. Neno bangi lenyewe linatuambia: limetoka Bara Hindi, likaja na majahazi ya Bahari ya Hindi. Tumbaku ilikuja kupitia Wareno na wafanyabiashara waliowafuata. Serikali ya Mwingereza ilipokuja ikayagawanya. Bangi ilipigwa marufuku mwaka 1914. Sigara nayo ilifunguliwa mlango: kampuni ya British American Tobacco ilikuwa imeanza biashara Mombasa tangu 1907. Mwaka 1925, katika mkutano wa Geneva, mjumbe wa Misri Mohamed El Guindy aliwahimiza wenzake waingize bangi katika mkataba wa kimataifa wa madawa, na ikaingizwa. Tumbaku haikuguswa. Yaani jani moja lilipelekwa jela, na jingine likapewa leseni na kutozwa ushuru, miaka mingi kabla ya mtu kupima lipi linaua wangapi.

Miraa ilibaki katikati. Kwa desturi ya Wameru wa milima ya Nyambene, miraa ilikuwa kitu cha wazee. Ilitumika katika mazungumzo ya wazee na katika posa, na kijana hakutarajiwa kuitafuna. Hiyo pia ilikuwa sheria, ingawa haikuandikwa popote. Ilisimamiwa na wazee wenyewe waliokaa na vijana kila siku.

Isiolo ulikuwa mji wa utawala wa ile iliyoitwa Northern Frontier District, NFD. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, askari Wasomali wa koo za Isaaq na Herti waliomtumikia Mwingereza walipewa nafasi ya kukaa hapa. Kukawa na Waborana, Wameru wachache wa biashara kutoka Nyambene, Wasamburu, Waturkana, na wengine. Miraa ilishuka kutoka mlimani na kununuliwa sokoni. Kwa vile majani yake yanatakiwa yaliwe ndani ya siku mbili hivi kabla hayajakauka nguvu, mji ulio karibu na mlima ndio uliokuwa soko zuri.

Kufika miaka ya 1940 wakubwa wa serikali walikuwa na wasiwasi. Gerald Reece, aliyekuwa mkuu wa utawala wa NFD, alikuwa mmoja wa waliotaka miraa ikatazwe kaskazini. Mwaka 1945 Dk. J. C. Carothers wa hospitali ya Mathari aliandika katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki kuhusu miraa kama chanzo cha wazimu. Serikali ikatunga sheria ya kuizuia isiingie kaskazini.

Sasa sikiliza ndugu yangu. NFD ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu wa kutoka nje alihitaji kibali kuingia, na mwenyeji alihitaji ruhusa kutoka. Serikali iliyoweza kumzuia binadamu barabarani ilishindwa kulizuia jani. Kwa nini? Kwa sababu sheria ilikuwa na macho mawili yanayoangalia pande mbili. Huku kaskazini miraa ilikuwa kosa. Kule Meru, safari fupi tu ya gari, kilimo chake kiliachwa na biashara yake ikaendelea, kwa sababu ilileta pesa. Mlaji alihukumiwa, muuzaji akabarikiwa. Tena katazo lenyewe lilitoka kwa watu ambao hawakukaa na mlaji, hawakumuuliza, wala hawakuwa na la kumpa mahali pa ile miraa. Sheria ikafa polepole, miraa ikaendelea, na leo kila mtu anajua magari yanavyokimbia kupita hapa yakielekea Marsabit na Moyale.

Yaliyotokea karibuni yanafanana. Mwezi wa Mei 2024 magavana wa kaunti za Pwani, akiwemo Abdulswamad Nassir wa Mombasa, walitoa amri za kuzuia muguka. Ndani ya siku chache mahakama ya Embu ikasimamisha. Wazazi wa Pwani walikuwa na uchungu wa kweli juu ya watoto wao, na wakulima wa Embu walikuwa na ada za shule za kulipa kutokana na zao hilo. Pande zote mbili walikuwa wanasema habari ya watoto.

SHULE NA MOSHI BAADA YA UHURU

Baada ya uhuru wa 1963 sigara ilikuwa alama ya mtu wa maendeleo. Kulikuwa na sigara iliyoitwa Sportsman, jina la mwanamichezo, wakati hakuna kitu kinachoharibu pumzi ya mwanamichezo kama sigara. Mwaka 1987 kukaanzishwa kampuni ya wenyeji, Mastermind, na ushindani ukaongezeka. Waulize wazee wako watakwambia mwalimu aliweza kuvuta akiwa shuleni bila mtu kushtuka, na akamtuma mwanafunzi dukani amletee. Mwanafunzi huyo huyo akipatikana na kipande nyuma ya choo alichapwa.

Bangi nayo ilikuwa ikiingia mabwenini. Mwaka 2001 serikali iliunda jopo chini ya Naomy Wangai lichunguze migomo na fujo mashuleni, na matumizi ya madawa yalikuwa miongoni mwa mambo liliyoyataja. Mwaka huo huo shirika la NACADA la kupambana na madawa ya kulevya lilianzishwa. Mwaka huo huo kiboko kikapigwa marufuku shuleni. Na mwaka huo huo ikapita Sheria ya Watoto ambayo, kwa maneno ya wazi, ilimpa mtoto haki ya kulindwa asitumie madawa, pombe wala tumbaku.

Hapo pana jambo kubwa ambalo wengi hatukuliona. Kabla ya 2001, mtoto na sigara ilikuwa habari ya utovu wa nidhamu. Baada ya 2001, sheria inasema mtoto ana haki ya kulindwa. Haki ya mtoto ni wajibu wa mkubwa. Kwa hivyo mtoto wa kidato cha pili akipatikana na bangi, swali la kwanza si "umefanya nini wewe?" tu. Liko na swali la "sisi wakubwa tulikuwa wapi?"

SHERIA INAINGIA LANGONI

Kenya ilitia saini na kuridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwezi wa Juni 2004. Mwaka 2006 Waziri wa Afya Charity Ngilu alijaribu kukataza uvutaji hadharani kwa amri ya wizara, kampuni za sigara zikaenda mahakamani na amri ikasimamishwa. Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008. Sheria hiyo inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, inakataza kuuza sigara moja moja, inakataza matangazo, na inakataza kuvuta katika maeneo ya umma. Shule zimo.

Hapa ndipo wenye shule za kibinafsi wengine hukosea. Utamsikia mtu akisema, "Kiwanja changu, hati miliki yangu, mimi ndiye najua." La, ndugu yangu. Sheria haikuuliza hati ya kiwanja iko kwa jina la nani. Imeuliza kama watoto wanasoma hapo. Na si jambo jipya. Tangu Sheria ya Elimu ya 1924 serikali ya kikoloni ilijipa mamlaka ya kusimamia shule ambazo si zake, na Sheria ya Elimu ya 1968, kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, zikaendeleza msimamo huo: shule ya kibinafsi lazima isajiliwe, ikaguliwe, na ifuate viwango. Mwalimu anayevuta nyuma ya darasa, bawabu anayevuta langoni, mgeni rasmi anayewasha sigara siku ya wazazi, wote wanavunja sheria sawa na mwanafunzi.

Sheria basi ni kama sakafu ya nyumba. Mwenye shule hawezi kwenda chini yake, lakini anaweza kujenga juu yake. Chukua miraa. Kwa mtu mzima nchini Kenya miraa si haramu kisheria, tena tangu 2016 inatambuliwa kisheria kama zao la biashara. Hata hivyo shule ina ruhusa ya kusema: humu ndani hakuna miraa wala muguka, kwa mwanafunzi na kwa mfanyakazi. Vivyo hivyo kwa vitu vipya. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017. Sasa kuna sigara za umeme, na vifuko vidogo vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo bila moshi wala harufu. Shule iliyoandika "sigara na bangi" tu itakuta kijana anajitetea, "Mwalimu, hii si sigara." Shule ingefuata njia ya wale wanazuoni wa zamani ingeandika madhara badala ya jina: kitu chochote kinacholevya, kinachopumbaza au kinachomfanya mtu awe mtumwa wake, kikiwa cha kuvutwa, kutafunwa, kunuswa au kuwekwa mdomoni.

MTOTO AKIPATIKANA

Tufike sasa penye uzito wenyewe. Shule ya kibinafsi inaishi kwa jina lake na kwa karo. Habari ikitoka kwamba kuna bangi bwenini, wazazi wanahamisha watoto. Kwa hivyo njia rahisi ni kumtoa yule mmoja haraka, kimya kimya, na kumwambia mzazi atafute shule nyingine. Jina la shule limesalimika. Na mtoto je? Ameenda shule ya pili na tatizo lile lile, au amekaa nyumbani, na kutoka nyumbani ni hatua chache tu mpaka kijiweni. Huko ndiko kuna watu wanaompokea bila barua ya kuingilia.

Kumbuka ile wilaya iliyofungwa. Kumwondoa mlaji na kumwacha muuzaji hakujaponya mji wowote.

Tena kuna sheria hapa. Katiba ya 2010, katika ibara ya 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu ulio wa haki, na sheria ya 2015 iliyotungwa kutekeleza ibara hiyo inawafunga hata wasio wa serikali, maadamu uamuzi wao unagusa haki ya mtu. Mtoto asikizwe. Mzazi aitwe. Sababu ziandikwe. Na kipigo hakiruhusiwi kabisa, sheria ya 2013 imekikataza katika shule zote.

Wengine watasema, bangi ni jinai, basi tumkabidhi polisi. Ni kweli ni jinai. Chini ya sheria ya 1994, kupatikana na bangi ya kutumia mwenyewe kulikuwa na kifungo cha miaka 10. Mwaka 2022 Bunge lilipunguza: kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Mwaka huo huo Sheria mpya ya Watoto ikasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai, na ikaweka njia ya kumwepusha mtoto na kesi ili arekebishwe nje ya mahakama. Angalia basi: hata mahakama, ambayo ina jela, inatafuta kwanza njia ya kumrudisha mtoto. Shule, ambayo kazi yake ni malezi, ndiyo iwe na haraka zaidi ya mahakama?

Afrika Kusini walilipitia swali hili. Watoto wanne walipimwa shuleni wakaonekana wametumia bangi. Wakaingizwa katika mpango wa marekebisho, na waliposhindwa kuufuata wakapelekwa kukaa kwa lazima katika vituo vya vijana. Kesi ikafika Mahakama Kuu mwaka 2020, kisha Mahakama ya Katiba, ambayo mwezi wa Septemba 2022 iliamua kwamba mtoto aliyetumia au kupatikana na bangi asifanywe mhalifu. Mahakama haikusema bangi ni halali kwa mtoto. Ilisema njia za malezi na afya zinamlinda zaidi kuliko kesi. Lakini mkubwa anayemtumia mtoto au anayempa bangi, huyo alibaki na kosa.

Unaweza kukubaliana na hukumu ile au uikatae, sisi tuna sheria zetu na dini yetu. Lakini swali lao ni lile lile la al-Qarafi na Ibn Taymiyya: madhara tumeyajua, je, huyu mtu tumtendee nini? Al-Qarafi alitaja adhabu ya kumrekebisha. Neno ni kurekebisha.

TUFANYE NINI?

Wenye shule na walimu: andikeni kanuni, mzazi aisome na kuitia saini siku ya kuandikisha mtoto, siyo siku ya msiba. Kanuni iwafunge wakubwa kwanza. Mwanafunzi akimwona mwalimu anatoka langoni kwenda kuvuta na kurudi ananuka, hilo bango la langoni limeshafutika. Andikeni pia hatua: mara ya kwanza tunafanya hivi, mara ya pili hivi, nani anamshauri mtoto, nani anafuatilia alikotoa. Kufukuza kuwe mwisho kabisa, na kuwe na mahali mtoto anakwenda.

Wazazi: msimtume mtoto dukani kununua sigara wala miraa ya baba. Kumuuzia ni kosa la mwenye duka, lakini aliyemtuma ni wewe. Na shule ikikuita, usifike na ugomvi wa "mtoto wangu hawezi". Fika na masikio.

Masheikh na walimu wa madrasa: nyinyi mnawaona watoto hawa jioni na wikendi, shule inawaona mchana. Mkizungumza pamoja, mtoto hatakuwa na pengo la kujificha. Tena hutuba moja ya Ijumaa juu ya wanaouza karibu na shule ina uzito kuliko kumi juu ya wanaonunua.

Na wewe kijana mwenzangu, kaka au dada, ambaye labda unasoma ukurasa huu ukijua mfukoni mwako mna nini. Hesabu masaa kumi na matatu ya leo. Umeyaweza bila kufukuzwa popote, na kesho utayaweza tena. Usiyarudishe yote Magharibi kwa msokoto mmoja. Zungumza na mtu mmoja unayemwamini kabla ya Idd: mwalimu, mama, ami, imam, au daktari wa hospitali. Kuomba msaada si aibu.

Tumwombe Allah (S.W.T.) azikubali saumu zetu, awalinde watoto wetu ndani na nje ya malango ya shule, awarudishe waliopotea njia, na awape wakubwa wetu hekima ya kuwapokea wakirudi. Aamin.

Ramadhan Kareem.